Nusu milimita

Najua nimepotea wiki tatu, na wale wanaongojea sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata wanisamehe. Nimekuwa nikipigana na vijiti vinne vya mbao.

Mke wangu anatarajia kujifungua mwezi ujao, nami nilitangaza kwa kujiamini kwamba kitanda cha mtoto hatununui. Kipo kile alichotengeneza marehemu baba, tulichokilalia sote wanne. Nikakileta kutoka Nakuru juu ya keria ya matatu. Kufika Nairobi, miguu yote minne inayumba. Ndani ya kila kiungo mlikuwa na kijiti cha mviringo kilichoshika mbao mbili, kile ambacho mafundi wengi hukiita doweli, na vyote vilikuwa vimekatika.

Dukani kuna vya milimita 6, 8, 10 na 12. Cha 8 kinacheza ndani ya tundu. Cha 10 hakiingii. Nikapima tundu: 9.5. Hiyo ni inchi tatu juu ya nane, yaani milimita 9.525. Baba alifanya kazi kwa inchi maisha yake yote, na hata leo ukienda Gikomba utauziwa mbao kwa inchi na futi, kisha plaiwudi kwa milimita. Wanaprogramu wenzangu watakumbuka chombo cha NASA, Mars Climate Orbiter, kilichopotea mwaka 1999 kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa pauni na nyingine ikazisoma kama nyutoni. Kisa hicho nilikuwa nikikicheka.

Basi nikachukua nyundo. Nusu milimita ni nini? Kijiti cha 10 kikaingia hadi katikati, halafu nikasikia "ta!" Mguu ukapasuka ufa wa urefu wa kidole. Mbao iliyodumu zaidi ya miaka 30, nimeipasua kwa dakika moja. Mke wangu sikumwambia hadi kesho yake.

Nikajaribu kupunguza kingine kwa msasa. Kikawa chembamba upande mmoja tu. Kupanua matundu niliogopa, maana drili yangu ni ya kushika mkononi, na tundu likienda upande kidogo mbao hazikutani tena.

Nikampigia mama simu kumuuliza baba alikuwa akinunua wapi.

"Kununua? Alikuwa akivipiga kwenye chuma chenye matundu. Si kile kinachozuia mlango wa jikoni?"

Jamani! Chuma hicho nimekiruka tangu utotoni. Ni bamba nene kama kidole gumba, lenye matundu matano, kila moja dogo kuliko jirani yake. Upande wa chini matundu ni mapana zaidi ili kijiti kikishapita kisikwame.

Nilichukua mpini wa jembe uliovunjika, mkavu kabisa, nikaupasua kwa patasi badala ya kuukata kwa msumeno. Ukipasua, ufa hufuata nyuzi za mbao zenyewe, na kijiti huwa na nyuzi zilizonyooka toka mwisho hadi mwisho. Msumeno hukata nyuzi njiani, na hapo ndipo kijiti huvunjikia. Kisha nikachonga ncha kama penseli, nikakipiga kwenye tundu la nusu inchi, halafu lile la tatu juu ya nane. Chuma hunyoa kilichozidi. Viwili vya kwanza vilipinda kwa sababu nilipiga kando. Cha tatu kilidondoka chini kikiwa duara safi, 9.5 kamili.

Usisahau kuchora mfereji mdogo ubavuni mwa kijiti. Bila huo, gundi na hewa hukosa pa kutokea, nayo mbao hupasuka. Mimi nimeshapasua ya kutosha.

Ule ufa nimeutia gundi na kuufunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli usiku mzima. Jana nimekitikisa kitanda kwa nguvu zangu zote, kimya. Mke wangu naye akakitikisa, akainama kuutazama ule mguu, akauliza rangi tutapaka lini.