Kikulacho Ki Nguoni Mwako

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaitumia katika insha za marafiki wanafiki na wezi wa nyumbani. Mimi nimeiona ikitimia ndani ya tarakilishi, na ndiyo sababu nimeshika kalamu niwasimulie wanachama wenzangu na walimu wetu wapendwa.

Mama yangu ana kibanda cha kuchapa na kutoa nakala karibu na steji ya matatu mjini Voi. Humo watu huchapiwa barua za kuomba kazi, huombewa cheti cha tabia njema kwa eCitizen, na ifikapo mwezi wa Juni husaidiwa kujaza fomu za KRA. Kazi yote hiyo hufanywa na tarakilishi moja tu, tena kuukuu, iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika. Kichakataji chake, yaani bongo lake, ni Core 2 Duo, aina iliyoanza kuuzwa mwaka wa 2006 kabla mimi sijazaliwa. Hiyo ndiyo inayotulisha na kunipeleka shule.

Mwezi wa Februari ilianza vituko. Ukibonyeza herufi, inatokea wakati umeshahesabu hadi tano. Feni ilivuma kama mashine ya posho. Wateja wakaanza kuhamia kwa jirani, mmoja mmoja. Mama akamwita fundi. Fundi hata kiti hakukalia. Aliigusa ubavuni akasema, "Mama, hii imezeeka. Tafuta ingine tu." Bei aliyotaja ilikuwa shilingi 22,000. Mama alikuwa na 19,000, pesa za shule zangu na za ndugu zangu wawili. Usiku huo nilimsikia akizihesabu mara tatu, kana kwamba zitaongezeka.

Nilimwomba anipe siku mbili niichunguze. "Mwanangu, siku mbili bila kazi ni siku mbili bila unga," akanijibu. Akanipa jioni mbili, baada ya kufunga kibanda.

Nilianza kwa kuwaza. Uzee hauji kwa wiki moja. Mashine iliyochapa vizuri Januari haiwezi kuwa ajuza Februari bila sababu. Ama ilikuwa na joto, ama kuna kitu kilichokuwa kikiitwika mzigo. Niliifungua, nikapangusa vumbi kwa brashi ya rangi, kwani bongo la tarakilishi likipata joto jingi hujipunguza kasi lenyewe. Nikaiwasha. Wapi! Feni ikavuma vilevile.

Basi nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ili nione orodha ya kazi zinazoendelea ndani. Lo! Orodha ilipofunguka tu, feni ikatulia, na matumizi ya bongo yakashuka kutoka asilimia 100 hadi 6. Nikaifunga orodha. Haikupita dakika moja, feni ikaanza tena. Nilirudia mara nne, ikawa hivyo hivyo. Hapo nikajua kwamba huyu si mzee, huyu ni mwizi anayelala akiona kurunzi.

Kesho yake nilimweleza mwalimu wetu wa somo la Kompyuta. Alicheka kidogo, kisha akaniambia, "Usiulize nani anafanya kazi sasa. Uliza nani amefanya kazi nyingi." Alinieleza kuwa tarakilishi huweka hesabu ya muda ambao kila programu imelitumia bongo. Jioni nikafungua lile dirisha jeusi la amri, nikaandika tasklist /v, nikanakili hesabu kwenye daftari. Baada ya dakika 5 nikaandika tena, nikalinganisha. Bongo hili lina viini viwili, kwa hivyo katika dakika 5 kuna dakika 10 za kazi za kugawana. Programu moja ilikuwa imechukua zaidi ya 9! Nyingine zote zilikuwa zimegawana makombo. Jina lake lilifanana na la programu halali ya mashine, ila herufi moja ilikuwa tofauti. Tena halali hukaa kwenye folda ya System32, na hii ilikuwa imejificha kwingine.

Niling'oa waya wa intaneti, nikaiwasha mashine katika hali ya usalama. Katika orodha ya kazi zilizopangiwa saa nikakuta amri ya kuiamsha programu ile kila mashine inapowashwa. Niliifuta amri hiyo kwanza, maana ukimuua mwizi ukamwachia anayemfufua umefanya kazi bure. Kisha programu ya kukagua virusi ikaikamata na kuitaja: mchimbaji wa sarafu.

Mwalimu alinifafanulia. Sarafu za kidijitali kama Bitcoin, iliyoanza 2009, huchimbwa kwa tarakilishi kufanya mahesabu mengi mno. Siku hizi Bitcoin hutaka mitambo maalumu, lakini nyingine kama Monero, iliyoanza 2014, huchimbwa hata na bongo la kawaida. Ndipo watu wengine hupenyeza programu kwa mashine za wenyewe, wavune wasipopanda. Stima ililipwa na mama, faida ikaenda kwa mtu asiyemjua.

Nilipoiwasha tena, feni haikusikika, na herufi zikafuata vidole. Mama alifurahi, lakini si kwa muda mrefu. Aliyeingia kuchimba angeweza pia kuchungulia, na wateja walikuwa wameandika nywila zao pale. Mama alibadilisha zake kwa simu, kisha akawaambia wateja wa kila siku wabadilishe zao. Nilimsihi anyamaze, wasije wakakimbia. Akasema, "Afadhali wakimbie wakijua." Wawili hawakurudi. Wengine walimshukuru, na zile 19,000 zikaenda shuleni.

Ndugu msomaji, usikubali upesi unapoambiwa kitu kimezeeka. Uliza kwanza ni nini kinachokilemea, kisha upime, uandike, ulinganishe. Na ukimpata mwizi, waonye na majirani, hata kama itakugharimu.