Mikaratusi na Kijito Chetu

Sisi tunaolima Timau, kaskazini mwa Mlima Kenya, twaijua miezi kwa macho na masikio. Oktoba mbayuwayu huwasili kutoka Ulaya, nasi hutayarisha mbegu za viazi tukingojea vuli. Mvua ikinyesha, mnana husuka viota juu ya kijito, na vyura hawatuachi tulale.

Kisha huja Februari, mwezi wa kupima ujirani. Kijito hukonda, sukumawiki hunyauka, na walio chini huwauliza walio juu maji yamekwenda wapi.

Ukingoni kwetu ilisimama mikaratusi aliyopanda marehemu baba. Iliuzwa nguzo na kuni, ikatulipia karo. Nani atauinulia shoka mti uliomsomesha? Mwaka wa 2009, Waziri wa Mazingira John Michuki alipoagiza mikaratusi iondolewe kando ya mito, wengi walinung'unika, nasi tulikuwamo.

Mama ndiye aliyekata shauri. "Baba yenu aliipanda ili mle," alisema. "Sasa yawanywea maji."

Tuliikata, tukang'oa na visiki, maana kisiki cha mkaratusi huchipua upya. Mahali pake tukapanda mianzi. Februari ingali kavu, lakini vyura hulia hata kiangazi, na jirani wa chini hutusalimu kwanza.

Msomaji, ikiwa unayo mikaratusi kando ya maji, usiichukie. Miche mipya ipeleke mlimani, mbali na mto. Karo italipwa, na kijito kitabaki.