Pikapu ya Kikosi cha Visima: Kumbukumbu za Kazi Mkoani Simiyu

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kutokana na wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu zilizokuwa mkoani Shinyanga pamoja na eneo la Busega lililokuwa chini ya Magu mkoani Mwanza, ni nchi ya pamba, ng'ombe na mito ya msimu, na kwa mtu aliyeumaliza umri wake wa kazi akifufua pampu za maji vijijini humo, habari za kazi hazitengani na habari za magari yaliyomfikisha visimani. Wasifu huu unamhusu fundi wa maji aliyezaliwa katika kaya ya wakulima wa pamba wilayani Bariadi, akaanza kama kibarua wa kuchimba visima katika miaka ya 1970, akapanda hadi kuwa msimamizi wa kikosi, na akastaafu lami ilipokuwa imekwisha kufika Bariadi. Humu anatajwa kwa cheo chake cha mwisho, yaani msimamizi. Kikosi nacho ni kundi la watu sita, yaani dereva, mafundi wawili wa pampu, mwashi na vibarua wawili, ambao hulala kijijini mpaka kazi iishe. Suala linaloangaliwa ni namna watu wa aina hiyo wanavyopaswa kuchagua pikapu, suala ambalo msimamizi alilikuta kila alipohamia na ambalo, kwa maoni yake, hujibiwa vibaya kwa sababu watu huanza kuliangalia gari kabla ya kuiangalia ardhi.

Wasukuma wameigawa ardhi yao kwa majina ambayo kila dereva wa Simiyu hulazimika kuyajua. Juu, karibu na miamba, kuna luseni, udongo wa kichanga usioshika maji. Chini yake kuna itogolo, tabaka gumu ambalo mvua hutuama juu yake. Na bondeni kabisa kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi. Mpangilio huu wa udongo kubadilika kwa utaratibu kutoka kilimani hadi bondeni ndio Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha Amani, Tanga, katika miaka ya 1930, aliouita katena, na Usukuma ni miongoni mwa maeneo yaliyompa mifano yake. Kwa mtu wa magari, maana ya katena ni kwamba safari moja ya kilometa chache humpitisha katika mitihani mitatu tofauti. Kwenye luseni gurudumu huzama lakini hutoka. Kwenye itogolo gari huteleza. Na kwenye mbuga, ambayo huvimba ikilowa na kupasuka ikikauka, tope hunata kwenye tairi, hujaza nafasi iliyo kati ya gurudumu na bodi, kisha hulibana gurudumu lisizunguke kabisa. Kiangazi nacho si nafuu kubwa, kwa kuwa nyufa za mbuga huvunja springi na vumbi lake huziba kichujio cha hewa.

Msimamizi aliingia kazini wakati wa mradi wa visima vifupi wa Shinyanga, ulioendeshwa kwa msaada wa Uholanzi kati ya mwaka 1974 na 1978, wakati Bariadi ilipokuwa bado sehemu ya mkoa huo. Kisima kifupi ni kile kinachochimbwa kwa mkono au kwa keekee ya mkono hadi kwenye maji ya juu ya ardhi, kisha kikafunikwa na kufungwa pampu ya mkono. Ubora wake ulikuwa katika wepesi wa vifaa vyake, na jambo hilo lilimfunza kibarua huyo mapema kwamba chombo cha kijijini hupimwa kwa urahisi wa kukitengeneza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera na wakati nchi ilipoishiwa fedha za kigeni, somo hilo lilirudi kwa ukali zaidi: katika yadi za idara ya maji na za vyama vya ushirika, Landrova na malori mazima kabisa yalisimama juu ya mawe kwa kukosa bushi, mpira wa breki au beringi moja, na mafundi wakawa wanalichinja gari moja ili lingine litembee. Yale yaliyoendelea kwenda vijijini hayakuwa mapya kuliko mengine wala hayakuwa na nguvu zaidi, bali yalikuwa yale yaliyofanana na mengi yaliyokufa, kwa sababu hayo ndiyo yaliyokuwa na ghala la spea pale pale uani.

Hali iligeuka katika miaka ya 1990, biashara ilipofunguliwa na magari yaliyotumika kutoka Japani yalipoanza kuingia kwa wingi, lakini kanuni ilibaki ile ile. Mfadhili mmoja wa wakati huo alikipa kikosi pikapu za aina isiyouzwa nchini, zenye viti vizuri na injini kali, na msimamizi aliziona zikifanya kazi vizuri mpaka siku ya kuhitaji sahani ya klachi, ambayo haikupatikana Bariadi, Shinyanga wala Mwanza. Pampu za vijiji kadhaa zilikaa bila kutengenezwa msimu mzima wa kiangazi, na kina mama wakarudi kufukua mchanga wa Mto Simiyu kutafuta maji. Tangu hapo aliiweka kanuni yake kwa maneno haya, ambayo vijana wa kikosi walimzoea nayo: gari la kazi lichaguliwe na fundi wa mwisho kwenye barabara, yule mwenye gereji chini ya mti, kwa kuwa ndiye atakayelitibu.

Hatua ya pili katika uchaguzi ni kuupima mzigo wenyewe, na hapa hesabu inafaa kuonyeshwa, kwa sababu kamati nyingi za ununuzi huiruka. Pampu ya mkono ya India Mark II iliyoshushwa mita 45 ina mabomba 15 ya chuma ya mita tatu tatu, na kila bomba lina uzito wa kilo tisa hadi kumi, yaani karibu kilo 140 kwa jumla. Vyuma vya kuvutia maji vinavyopita ndani yake huongeza kilo 40. Watu sita, wakikadiriwa kilo 70 kila mmoja, ni kilo 420. Mifuko minne ya saruji kwa ajili ya kukarabati sakafu ya kisima ni kilo 200, na miguu mitatu ya kunyanyulia mabomba, mnyororo wake na sanduku la spana havipungui kilo 100. Kabla ya kuongeza maji ya kunywa, dumu la dizeli, unga na tairi la akiba, kilo 900 zimekwisha pandishwa. Pikapu inayouzwa kama ya tani moja, kwa hiyo, huondoka Bariadi ikiwa imejaa, nayo itapita kwenye nyufa na makorongo ikiwa katika kikomo chake, ilhali kipimo cha kiwandani ni cha barabara nzuri. Gari la kikosi halina budi kubakiwa na akiba ya nguvu katika springi, ekseli na chesisi, la sivyo hulipia kila safari kwa chuma kinachochoka.

Wakati kikosi kilipopata nafasi ya kununua gari kwa fedha zake, ushindani wa kweli ulikuwa kati ya Toyota Hilux na Toyota Land Cruiser ya familia ya 70, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1984 na ambayo pikapu yake wenyeji wengi wa Kanda ya Ziwa huifahamu kama gari la mashirika, la polisi na la wawindaji. Hilux ilikuwa na hoja nzito: bei ndogo, matumizi madogo ya mafuta, na spea katika kila mji wenye soko. Matoleo yake ya zamani, yenye ekseli nzima mbele na springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, yalistahili sifa zote yalizopewa. Yale yaliyofuata yaliwekewa mbele mfumo ambao kila gurudumu hunyanyuka peke yake, mfumo unaompa abiria raha lakini wenye viungo vingi ambavyo makorongo huvilegeza. Land Cruiser ilibaki na ekseli nzima mbele na nyuma, chesisi nene, na injini ya dizeli iitwayo 1HZ, yenye silinda sita na ujazo wa lita 4.2, isiyo na turbo na ambayo pampu yake ya mafuta huendeshwa kwa gia na springi bila kompyuta. Nguvu yake, takriban farasi 130, si kubwa kwa gari la uzito huo, na madereva vijana waliidharau. Lakini injini isiyolazimishwa hudumu, na mkanda wake wa taimingi ukibadilishwa kila kilometa 100,000 haina hila nyingine ya kumshangaza fundi.

Hoja iliyoamua mjadala ilikuwa ya mafuta. Injini mpya za dizeli hupuliza mafuta kwa mgandamizo mkubwa sana kupitia nozeli zenye matundu membamba, na hivyo zinadai dizeli safi. Kwa miaka mingi dizeli ya nchini ilichakachuliwa kwa mafuta ya taa, uovu uliozilazimu mamlaka kuchukua hatua mbili: EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na bajeti ya mwaka 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya iondoke. Hata baada ya hapo, dizeli ya kijijini iliendelea kununuliwa kwa dumu, ikiwa na vumbi na wakati mwingine maji, na kikosi kisingeweza kulala porini Meatu kikisubiri nozeli ambayo bei yake ingenunua pampu nzima ya kisima. Injini ya zamani kama 1HZ ilivumilia mafuta hayo kwa moshi na manung'uniko tu. Kamati ya ununuzi ilikubali kulipa zaidi mwanzoni kwa ajili ya Land Cruiser.

Palibaki suala la kabini. Pikapu ya kabini mbili huketisha watu watano kihalali na salama, lakini bodi yake ni fupi na mabomba ya mita tatu hulazimika kufungwa kwenye keria juu ya kabini. Ya kabini moja ina bodi ndefu, ila huwaacha watu wanne au watatu juu ya mzigo, jambo ambalo askari wa usalama barabarani hulikataa na ambalo ajali zimethibitisha ubaya wake. Msimamizi alichagua kabini mbili, akatengenezesha keria ya chuma kwa fundi wa kuchomelea wa Bariadi, na mtu wa sita akawa anatangulia kwa pikipiki kuandaa kisima. Alishikilia kwamba mabomba yanaweza kufungwa upya yakianguka.

Kwa kikosi kisichomudu gari jipya, ukaguzi wa lililotumika una mpangilio wake. Fundi huanzia chini, si kwenye injini: hupangusa tope kwenye chesisi nyuma ya kabini na kwenye vishikio vya springi, mahali ambapo nyufa huanza na ambapo rangi mpya mara nyingi imepakwa kuficha uchomeleaji. Kisha hujaribu gia za nguvu, zile za mwendo mdogo zinazotumika kwenye tope, kwa kuwa gari lililoishi mjini huweza kuwa halijaziingiza kwa miaka na mtambo wake umeganda. Injini huangaliwa mwisho, asubuhi ikiwa baridi, kwa sababu muuzaji mjanja huiwasha kabla mteja hajafika.

Hata hivyo, gari zuri katika mikono mibaya halimalizi misimu miwili. Dereva wa mbuga hufunga haabu za mbele, yaani vifundo vinavyounganisha magurudumu ya mbele na mwendo wa injini, kabla ya kuingia kwenye tope na si baada ya kukwama. Hukung'uta kichujio cha hewa kila jioni ya kiangazi. Na hupendelea tairi jembamba la inchi 16 lenye tyubu, ambalo fundi pancha wa Mwandoya au Nkololo hulitengeneza kwa chuma cha kubandulia na gundi. Akikwama kweli, hatesi injini, bali hutafuta jozi mbili za maksai, kwa kuwa kijiji cha Wasukuma hakikosi ng'ombe wa jembe, na malipo yao ni madogo kuliko bei ya klachi.

Lami ya Lamadi hadi Bariadi, yenye urefu wa karibu kilometa 72, na ile inayotoka Mwigumbi kupitia Maswa zimebadilisha safari za mkoa, na leo mtu huenda Mwanza na kurudi siku hiyo hiyo kwa gari dogo. Mabadiliko hayo yamewashawishi baadhi ya wanunuzi kudhani kwamba pikapu ngumu imepitwa na wakati. Visima, hata hivyo, havipo kando ya lami. Vipo ndani ya wilaya za Itilima, Meatu na Busega, mwisho wa njia za udongo ambazo zipo chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na ambazo masika huzirudisha katika hali ya mbuga. Hukumu ya msimamizi baada ya kustaafu ni hii: kikosi kinachofanya kazi Simiyu kinunue gari lenye ekseli nzima, injini isiyotegemea kompyuta na spea zinazopatikana Bariadi na Mwanza, kilipe bei yake bila kunung'unika, na kitenge fedha za matengenezo katika bajeti ile ile ya ununuzi. Asiyeweza kutenga fedha hizo asinunue gari, akodi.