Kazi Niliidaka, Kisha Nikaingia Mitini!

Leo najianika mwenyewe.

Kuna kitu kinaitwa programu huria. Ni programu ya kompyuta ambayo yeyote anaruhusiwa kuona ilivyoandikwa ndani, kuirekebisha na kuleta mchango wake, kama Linux aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Basi na mimi, kidato cha nne mtupu, nimejikalia geto hapa Mzumbe, nikajitosa kutafsiri programu moja ndogo (jina tuliache). Nikaandika kwa mbwembwe: "Hii kazi naifanya mimi."

Nikatuma kipande. Msimamizi akajibu kistaarabu kabisa: mahali pa kuhifadhi faili umeandika "okoa", tafadhali rekebisha. Kweli bwana, faili langu lilikuwa limeokoka! Badala ya kucheka, nikanuna. Nitajibu kesho. Kesho bando limekata. Kesho kutwa mvua ya Uluguru imeshuka, umeme hakuna. Miezi mitano hiyoo!

Na mimi ndiye bingwa wa kuwasema wanaotoa ahadi kwenye kamati ya harusi halafu wanazima simu.

Siku moja nakuta ujumbe wa dada mmoja wa Mombasa: "Hujambo kaka? Bado waendelea na kazi hii? Kama umebanwa, naomba niimalizie. Nitangoja wiki mbili." Kumbe tafsiri yake ilikuwa tayari zamani, ameiweka tu, ananisubiri mimi! Leseni ya programu huria ilimruhusu kuendelea bila hata kuniuliza. Aliniuliza kwa heshima tu, kwa sababu nilisema naifanya mimi. Nilichoka!

Nikamjibu mistari miwili: samahani, endelea dada. Siku ya tatu kazi ikapokelewa, na kwenye kumbukumbu ametuandika wote wawili. Jina langu lipo pale hadi leo, na sehemu kubwa ya nilichoandika ilibidi aifute.

Juzi nimeona kazi nyingine iko wazi. Safari hii nimeandika: "Najaribu hadi Ijumaa, nikikwama nitasema." Leo ni Alhamisi, umeme umekatika tena. Nipo dukani kwa Mangi nachaji simu, niwaambie nimekwama.