Ufunguo wa Chumba cha Ndani



Mama mmoja wa darasa letu la alasiri alitujia akilia. Ametupa ruhusa tusimulie bila jina. Alipeleka simu kwa fundi abadilishwe kioo, fundi akaomba namba ya siri, naye akampa. Picha alizompelekea mumewe aliyeko Ghuba zikaonwa na wasio maharimu wake. Tangu siku hiyo tunajutia neno tulilokuwa tukilisema darasani, kwamba asiye na kosa hana la kuficha. Mama yule hakuwa na kosa. Alikuwa na sitara.

Tulimkumbuka tulipozingatia habari za Uingereza, waliko jamaa zetu wengi. Februari 2025 kampuni ya Apple iliacha kuwapa watumiaji wapya wa huko kinga ifungayo akiba ya picha na maandishi hata kampuni yenyewe isiweze kuyasoma. Vyombo vya habari vilikuwa vimeripoti kwamba serikali iliitaka iipatie njia ya kuyafikia.

Hoja ya usalama haipuuzwi. Hapa Pwani tumepoteza vijana waliovutwa kwa maneno ya simuni, na wapo wazazi watamanio lau yangesomwa mapema. Lakini kupekua simu ya mshukiwa kwa amri ya mahakama hakufanani na kumwamuru seremala atie kila mlango wa mji kufuli lenye ufunguo wa pili. Usimbaji fiche ndio kufuli hilo: ujumbe hugeuzwa fumbo, akaufumbua mwenye ufunguo peke yake. Na ufunguo wa pili humtii yeyote aushikaye, awe askari mwadilifu, karani mwenye tamaa au mwizi. Fundi yule naye alipewa kwa ajili ya kioo tu.

Wanazuoni wamesimulia kwamba Sayyidna Umar, Allah amridhie, alipanda ukuta usiku akamkuta mtu katika maasi. Yule akamjibu kuwa yeye amekosa moja na Khalifa matatu: amepeleleza, hakupitia mlangoni, wala hakubisha hodi. Makatazo hayo yamo katika Al-Hujurat, Al-Baqara na An-Nur. Khalifa akamwacha.

Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 31, nayo imeziweka pamoja faragha ya nyumba na ya mawasiliano. Mswada wa kuigusa ukiletwa kwa maoni ya wananchi, kina mama msituachie wanaume kikao hicho.

Mama yule sasa ana simu ndogo isiyo na kamera. Mumewe humpigia kila Ijumaa.