Mayai yenye namba

Najua nimepotea. Wengine mlidhani ni mitihani, wengine mlidhani nimepata mtu. Hapana, nilikuwa na mradi, na mradi wenyewe ulikuwa hili tumbo langu.

Basi bwana, ilikuwa Januari, nimetoka likizo nyumbani Songea. Ukitoka kwa mama yangu huwezi kurudi chuo mwembamba. Nikapanda mzani wa pale famasi karibu na geto letu, ukaniambia kilo 84, na mimi si mrefu jamani. Siku hiyohiyo jamaa mmoja darasani akaniita "mheshimiwa", watu wakacheka, nikacheka nao. Usiku sikulala vizuri. Kesho yake nikaenda jimu.

Jimu yenyewe ni ya uani, buku moja kwa siku, nusu ya vyuma vyake ni zege lililomwagwa kwenye makopo ya rangi na kuunganishwa na bomba. Kocha akaniangalia mara moja tu. "Acha ugali, wali, chapati na soda. Kula mayai, nyama na majani. Kitambi kinaondoka, kifua kinakuja." Nikasoma kwenye simu, kumbe jambo lenyewe ni la zamani. Mwingereza mmoja, William Banting, mtu wa shughuli za mazishi, alichapisha kijitabu mwaka 1863 kueleza alivyopungua baada ya kuacha mkate, sukari, viazi na bia. Baadaye daktari Robert Atkins wa Marekani akaja na kitabu chake 1972. Nikasema kama mtu wa majeneza alifanikiwa, mimi nani?

Wiki ya kwanza nilitoka kilo 84 mpaka 80 na nusu. Wadau, nilikuwa sishikiki! Kila anayenisalimia namwelezea habari ya wanga. Wiki ya pili mzani ukagoma, kichwa kikauma mchana kutwa, na vyuma nilivyokuwa navinyanyua mara kumi nikawa naishia sita, magoti yanatetemeka.

Kuna dada mmoja tunafahamiana, anasoma mambo ya lishe. Nikamweleza, akacheka mpaka akakaa chini. Akasema mwili unaweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, inaitwa glaikojeni, na kila gramu moja inakaa na kama gramu 3 za maji. Ukiacha wanga, akiba inapungua na maji yanatoka. "Kaka, hizo kilo zako tatu na nusu nyingi umezikojoa." Na chumvi nayo inatoka na maji hayo, ndiyo maana kichwa na magoti. Akaniambia nitie chumvi kwenye supu, niache kujiua.

Halafu akanipigia hesabu nyingine. Anayenyanyua vyuma anafaidika na protini kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Kwa kilo 80 hizo ni gramu 128 kwa siku, na yai moja lina kama gramu 6. Yaani kwa mayai peke yake ningehitaji 21 kila siku! Nikaona nipambane. Nikanunua trei kwa elfu tisa, nikawa nakula manane kwa siku, na dagaa, na parachichi, na karanga kidogo.

Sasa hapa ndipo pabaya pangu, na ndiyo sababu nimeandika.

Geto tunakaa wawili. Tangu mwaka wa kwanza tunachanga elfu tatu kila siku, nusu kwa nusu, tunapika sufuria moja. Mimi nilipoanza mambo yangu nilimwambia tu, "Mshkaji, mimi ugali basi, kila mtu ajipikie." Akasema poa. Sikufikiria kwamba buku na mia tano la mtu mmoja halipiki kile kinachopikwa na elfu tatu za wawili. Mafuta ni yaleyale, gesi ni ileile, nyanya ni zilezile. Mama alikuwa amenitumia kiroba cha unga kwa basi, nikaenda kukipokea stendi ya Magufuli kule Mbezi, nikakisukuma chini ya kitanda. Sikumwambia mwenzangu achote, wala sikumkataza. Kilikaa tu.

Na mayai yangu nikayaandika namba kwa kalamu ya wino. Nilijiambia ni kwa ajili ya kumbukumbu, nijue nimekula mangapi. Labda ilikuwa kweli, nusu.

Mwezi wa tatu bumu lilichelewa. Jioni moja nimetoka jimu, namkuta anakunywa chai ya rangi, kavu, kitabu mbele yake. Nikamuuliza umekula? "Nimeshiba kaka." Nikawasha jiko, nikakaanga mayai yangu manne. Harufu ikajaa chumba kizima. Nikamwambia chukua hata mawili. Akatabasamu, hakuinua macho: "Acha bwana, utakosa namba."

Nilikula yale mayai. Sijui niliyamezaje.

Usiku nikavuta kile kiroba. Wadudu weusi walishaingia juu juu. Tukakaa wawili kwenye ndoo, tunachekecha, hatuongei, mpaka yeye akasema, "Hawa nao ni protini." Tukacheka kama wendawazimu.

Siku hizi sufuria ni moja tena. Nakula ugali, tonge tatu nne, hasa siku za vyuma, mboga nyingi, dagaa wengi, na maharage, ambayo niliyakimbia kwa ajili ya wanga wake wakati ndiyo protini ya bei yetu. Soda sijarudia. Yule dada alinionyesha utafiti wa Stanford wa mwaka 2018: watu 609, mwaka mzima, wa wanga kidogo walipungua wastani wa kilo 6, wa mafuta kidogo kilo 5.3, na tofauti hiyo haikuwa ya maana kitakwimu. Kocha nilipomwambia alisema hao hawakuwa na kocha.

Mimi nina kilo 78 sasa. Kifua kipo, kidogo, ukisimama upande wa dirishani. "Mheshimiwa" bado wananiita.

Mama alipiga jana. Shikamoo mama, marahaba, unga umekwisha? Nikamwambia unakaribia. Akauliza na yule mwenzako anakula vizuri? Nikampa simu aongee naye mwenyewe.

Ngoja niishie hapa, leo zamu yangu ya mwiko na maji yanachemka.