Kuujaribu Mtihani Wenyewe

Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu hapa Unguja, kabla ya kuzitazama alama nilitaka kujua nani ameupitia mtihani kabla ya kupigwa chapa. Alama nzuri za mtihani mbovu humdanganya mzazi na mwalimu pia.

Programu za kompyuta nazo zataka ukaguzi huo. Katika uchaguzi wa Kenya wa tarehe 4 Machi 2013, vifaa vilivyonunuliwa kwa kuchelewa viliishiwa na betri katika vituo vingi, na programu ya matokeo ikazidisha kura zilizokataliwa mara 8. Wananchi wakatiliana shaka, na shauri likafika Mahakama ya Juu.

Wataalamu wana kipimo kiitwacho TMMi, chenye ngazi 5: ya chini ni kujaribu ovyo, ya juu ni kuzuia makosa yasizaliwe. Basi kila taasisi ijiulize: nani hujaribu, lini, na kosa huandikwa wapi? Aliyetunga programu asiwe msahihishaji wake pekee. Na chombo kiendacho shule isiyo na umeme kijaribiwe huko huko, mapema, kungali na nafasi ya kurekebisha.